Mgonjwa Mwenye Bastola Kumi na Nne

Bahizire alikuwa amemdanganya Mungu mbele ya watu mia na ishirini, kipaza sauti mkononi, na wote wakamjibu Amina. Aliibeba dhambi hiyo mwaka mzima na nusu bila kumwambia mtu, na Jumamosi moja asubuhi akaibeba mpaka kwenye benchi la bluu nyuma ya stesheni ya Mount Druitt, pale mabasi yanapopindia. Benchi lile serikali ililiweka kwa ajili ya abiria, lakini madereva walishajua kwamba wanaokaa pale hawaendi popote, wakawa wanapita bila kupunguza mwendo. Wenye benchi ni watatu. Bigirimana, Mrundi, dereva wa foklifti, ndiye mleta themosi ya kahawa. Wanamwita Unabii, maana kila jambo likitokea, hata treni ikichelewa, yeye aliliota wiki iliyopita. Mbuvi, Mkamba kutoka Kenya, mlinzi wa jengo la maofisi huko mjini, anaitwa Katiba, kwa sababu alisoma sheria muhula mmoja na mpaka leo hajapona. Na Bahizire wa Bukavu wanamwita Randa, kile chombo cha seremala cha kulainisha mbao, ingawa hapa Sydney hakuna aliyewahi kumwona akiranda hata kijiti. Kazi yake ni kupanga maboksi ghalani. Yakifika juu, mashine inayachukua, naye anaanza tena chini.

Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa inampoa mkononi.

— Randa, kunywa, alisema Bigirimana. Kahawa ya Burundi haisubirishwi kama basi.

— Nina neno, ndugu zangu.

— Kama ni la mpira, ngoja kwanza, alisema Mbuvi. Jana nimeumizwa vya kutosha.

— Si la mpira. Kesho kanisani watanisimamisha mbele. Wataniwekea mikono niwe mkubwa wa kutembelea wagonjwa.

— Haleluya! Bigirimana akapiga goti lake kofi. Niliota! Niliona mtu amevaa kofia, amezungukwa na watu.

— Sina kofia, papa.

— Utapewa.

— Sikieni basi. Yule mgonjwa wangu wa kila Jumatano, yule mzee mzungu ninayemsema kila Jumapili... si mgonjwa.

— Amekufa? aliuliza Mbuvi.

— Hapana! Nasema hakuwa mgonjwa. Yaani mwanzo alikuwa na kikohozi. Mchungaji akanituma, nikaenda, nikaomba, akapona.

— Si ni vizuri? Maombi yamejibiwa.

— Yalijibiwa haraka sana, ndiyo shida. Jumatano ya tatu nilimkuta juu ya ngazi, anasafisha mifereji ya bati. Jumapili mchungaji ananipa kipaza sauti: ndugu Bahizire, habari za mgonjwa wetu? Watu wote wananiangalia. Mama mmoja mbele ameshaanza kulia. Nikasema, bado anahitaji maombi.

— Hapo hujadanganya, alisema Mbuvi. Nani hahitaji maombi? Hata mimi nahitaji. Kisheria umepona.

— Jumapili iliyofuata nikasema amekula kidogo. Ile ya mbele nikasema amelala usiku mzima, tumshukuru Bwana. Katiba, ndugu yangu, nilifika mahali nikasema leo amejaribu kutembea.

— Na alikuwa anatembea?

— Alikuwa anakata majani.

Bigirimana alikuwa ameinua themosi kumwongezea Mbuvi. Ikabaki hewani.

— Sasa kama alikuwa mzima, aliuliza polepole, wewe kila Jumatano ulikuwa unaenda wapi?

Bahizire alitazama kushoto, akatazama kulia. Palikuwa na ndege mmoja tu, wale weupe wenye mdomo mrefu, anafukua pipa la takataka.

— Kwake. Kwenye banda lake nyuma ya nyumba. Ana bastola kumi na nne.

Mbuvi alisimama. Akakaa tena, lakini upande wa pili wa Bigirimana.

— Za upepo! alisema Bahizire. Za upepo, papa! Za zamani!

Ndivyo zilivyokuwa. Nyingine zilimzidi umri hata mzee mwenyewe, jina lake Neville, naye ana miaka themanini na moja. Hazili baruti. Unaukunja mtutu shingoni kama unavyovunja muwa, springi iliyo ndani inajibana, unatia kirisasi cha ukubwa wa punje ya mtama, kisha unakitafuta kikopo cha maharage kilichowekwa mwisho wa banda. Mzee alianza kuzikusanya akiwa kijana. Leseni zake ziko sawa, na kila bastola ina kitanda chake cha kitambaa cha kijani ndani ya sefu. Ila vishikio vyake vilikuwa vya ile plastiki ya kale, imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Halafu kulikuwa na jambo lililomuuma mzee kuliko yote: yeye ni mtu wa mkono wa kushoto, vidole viwili vya mkono huo vimekakamaa kwa baridi yabisi, na bastola zote kumi na nne zilitengenezwa kwa watu wa kulia. Maisha yake yote alikuwa amekusanya vitu ambavyo mkono wake haukupata kuvishika vizuri hata siku moja.

— Siku ile nilimpelekea chai hukohuko bandani, alisema Bahizire. Naingia, naona jiliwa la kubania mbao. Naona patasi zimepangwa kwa ukubwa. Naona randa imetundikwa msumarini, na chini ya meza kipande cha mjakaranda, kikavu, kizuri, hakina hata ufa. Ndugu zangu, miaka sita sijashika randa. Nikaitoa msumarini, nikapitisha kidole kwenye makali yake. Akaniangalia. Akatoa kishikio kibovu, akakiweka mezani mbele yangu. Akakigonga kwa kidole. Na mimi Kiingereza changu mnakijua.

— Tunakijua, alisema Mbuvi. Kinaanza na yes na kinaishia hapohapo.

— Basi tukafanya kazi.

— Ngoja, ngoja. Wewe ulizishika? Unajua nchi hii bastola ya upepo ni silaha kamili? Si pampu ya baiskeli hiyo, buda. Usipokuwa na leseni hata kuiweka mfukoni ni noma.

— Chuma sikugusa. Chuma alishika mwenyewe, anakifungua, anakirudisha kwenye sefu, anafunga. Mimi nilishika mbao tu. Mbao na bugali.

— Ugali?

Uso wa Bahizire ukafunguka, akasahau kwamba alikuwa anaungama.

— Utaupataje mkono wa mtu kwenye mbao? Kila mkono una mabonde yake. Huko kwetu kwa fundi mkubwa tulikuwa tunatengeneza mipini ya majembe kwa kumtazama mtu, lakini vidole vya yule mzee vimepinda, havitazamiki. Nikaenda nyumbani, nikasonga bugali ya muhogo, ngumu kabisa, ile ya kumpa mtu anayekwenda kulima. Nikampelekea bado ya moto. Nikamwambia, kamata. Akakamata. Nikaiacha ikauke siku tatu, na mkono wake wote uko mle ndani, hata mistari. Halafu nachonga mjakaranda naulinganisha na bugali, napiga tupa, napiga msasa. Siku nilipomfungia kile cha kwanza, alinyoosha mkono mbele yake hivi. Akasema, Bahizire. Jina langu lote, bila kulikata. Bosi wangu ghalani ananiita Baz.

Bigirimana aligusa ukingo wa kofia yake kwa heshima ya jina hilo.

— Kulikuwa na rafiki zake, wakusanyaji kama yeye, walikuja siku moja, aliendelea Bahizire. Wakakasirika. Nilivyoelewa mimi, wanasema kitu cha kale usikitie mbao mpya, umekiua, hakina thamani tena. Mzee akawaambia, bastola nisiyoweza kuishika ni picha, na picha ninazo ukutani. Tukaendelea. Washa ya ngozi ya ndani, inayobana upepo, ilikuwa imeoza. Nikampa ulimi wa kiatu changu cha kanisani, akaukata mwenyewe, akauloweka kwenye mafuta.

— Kiatu cha kanisani! Bigirimana akashika kichwa. Kiatu kilichosimama mbele ya madhabahu!

— Ulimi tu, papa.

— Ulimi ndio mbaya! Ndio uliodanganya!

— Na Mama Aline anajua? aliuliza Mbuvi.

Hapo Bahizire akainama. Mama Aline ni Léonie, mke wake. Wote watatu walijua kwa nini swali lile ni zito, na hakuna aliyehitaji kulieleza. Léonie alitoka Bukavu kwa mguu, usiku, na watu aliotoka nao hawakufika wote. Katika nyumba yao hata bunduki ya plastiki ya kurusha maji haiingii. Aline alipopewa moja kwenye sherehe ya rafiki yake, mama yake aliikamata kwa koleo la jikoni akaipeleka kwenye pipa, kisha akaliosha koleo.

— Anajua nina mgonjwa, alisema Bahizire. Aliona unga wa muhogo unaisha, akaniuliza. Nikamwambia namsongea mgonjwa. Akanihurumia. Tangu siku hiyo kila Jumatano ananifungia chakula cha kumpelekea. Kesho atavaa kitenge kipya, atasimama karibu yangu, wataniwekea mikono kwa ajili ya uongo. Na juzi imekuja hii.

Akatoa barua mfukoni. Mbuvi aliipokea, akaisoma kwanza kwa macho kama wakili, kisha akawatafsiria. Ilikuwa ya Wendy, binti wa mzee. Baba yake alianguka bandani, jambo ambalo Bahizire alikwisha kulijua, akavunjika nyonga. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee mbele ya Penrith na hatarudi tena kwake. Jumatano mwenye duka la silaha anakuja kuzichukua bastola zote. Lakini baba anataka moja imsubiri Bahizire, ile yenye kishikio cha kwanza, kama atakubali kuomba leseni. Tafadhali ajibu kabla ya Jumatano.

— Ukikubali, alisema Mbuvi akikunja barua, ni leseni, ni mafunzo, ni sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, na polisi wanakuja nyumbani kuikagua. Polisi wawili, viatu vikubwa, sebuleni kwa Mama Aline.

— Ndiyo. Sasa niambieni. Nimwambie Léonie kabla ya kesho, na nimwambieje?

Kwa kawaida swali likitua kwenye benchi lile halipati nafasi ya kupumua. Mbuvi alikuwa wa kwanza.

— Usimwambie. Funga sefu, mwambie ni ya kuwekea vyeti vya uraia. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana polisi nao huchelewa. Mpaka wafike utakuwa umepata maneno.

— Methali hiyo si ya polisi, alisema Bigirimana.

— Kila methali ni ya polisi ukiishi hapa bila makaratasi. Lakini sikia, kuna jambo kubwa zaidi. Ulisema kanisani, sivyo? Na watu walijibu Amina?

— Kila Jumapili.

— Basi wameshiriki. Amina ni sahihi ya mdomo. Watu mia na ishirini wametia sahihi. Likifika mahakamani, ni kanisa zima, na kwaya, na yule mpiga kinanda.

— Mpiga kinanda hasemi Amina, alisema Bahizire.

— Anapiga ile sauti ndogo baada ya Amina. Ni mbaya zaidi. Huo ni muziki wa kuthibitisha.

Bigirimana alikuwa anahesabu kwa vidole, macho yamefungwa.

— Nyinyi mnatazama chini, alisema. Bastola ngapi? Kumi na nne. Kumi na nne ni saba mara mbili. Saba za wanaodanganya kanisani, saba za wanaoitikia. Na huyo mzee ni wa mkono gani? Kushoto! Kushoto ni upande wa mbuzi, muulize mtu yeyote aliyebatizwa.

— Shangazi yangu ni wa kushoto na ni mama wa kanisa, alisema Bahizire.

— Shangazi yako hana bastola. Nakwambia huyo si mzungu wa kawaida. Mwenyewe umesema, alikohoa, ukaomba, akapona siku hiyohiyo. Mzungu gani anapona bila daktari? Huyo ni malaika wa kupimia watu. Ametumwa hapa Mount Druitt akae kwenye banda, aweke randa msumarini, aone nani atajikwaa. Samaki mmoja akioza, malaika hushuka!

— Malaika anavunjika nyonga? aliuliza Mbuvi.

— Akianguka kutoka juu sana.

— Malaika mwenye leseni ya silaha, iliyotolewa na serikali ya jimbo?

— Wangemnyimaje? Hana rekodi mbaya.

Bahizire alicheka bila kutaka, kahawa ikamwagikia suruali. Kicheko kile kilimpa Mbuvi nguvu, akasimama kama yuko mahakamani, kizibao chake cha ulinzi kikimetameta juani.

— Nimepata. Nimepata, wazee! Kishikio kipya, alitengeneza nani?

— Mimi.

— Springi?

— Mzee alinunua nyingine.

— Washa?

— Kiatu changu.

— Kwa hiyo bastola ya zamani iko wapi? Imebaki bomba na triga. Ya kale ilishakwenda kwenye takataka kipande kwa kipande. Tukiipima kwa mizani, kilichoongezwa ni kingi kuliko kilichobaki, na kilichoongezwa kimetoka wapi? Kwenye mti wa mjakaranda na kwenye kiatu. Kisheria, na hapa ninasema bila woga, kile si bastola. Ni kiatu.

— Kiatu! alisema Bigirimana.

— Kiatu chenye mpini. Na nchi hii, ndugu zangu, kiatu hakiombewi leseni. Unamwambia Mama Aline, mke wangu, mzee amenirudishia kiatu changu.

— Na ukikivuta kinapiga kopo la maharage? aliuliza Bahizire.

— Ni kiatu kikali.

Walicheka mpaka yule ndege akaliacha pipa akahamia lingine. Bigirimana alipomaliza kufuta machozi, akaishika themosi, akaitikisa, kisha akageuka taratibu kumtazama Bahizire.

— Randa. Umesema Mama Aline anakufungia chakula kila Jumatano.

— Ndiyo.

— Na mzee ameanguka lini?

— Wiki sita sasa.

— Wiki sita. Na ile sombe ya majani ya muhogo ambayo umekuwa ukituletea hapa Jumatano alasiri, yenye samaki na mawese, ukisema leo nimebeba chakula kingi...

Bahizire alianza kujifuta kahawa kwenye suruali. Mbuvi alikaa chini kama mtu aliyekatwa kamba.

— Tumekula chakula cha mgonjwa, alisema Bigirimana.

— Hakuwa mgonjwa! alisema Mbuvi. Si amesema hakuwa mgonjwa?

— Alipokuwa anakula yeye, hakuwa mgonjwa. Tulipoanza kula sisi, alikuwa ameshavunjika.

— Mimi nililamba mpaka mfuniko, alisema Mbuvi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuongeza kifungu chochote cha sheria.

Hapo ndipo Léonie alipotokea, akizunguka kona ya stesheni, bado amevaa sare ya nyumba nyingine ya wazee anakofanya kazi, begi begani. Katika miaka yote ile hakuwahi kufika kwenye benchi lao. Alikuwa akilipita kwa mbali, akisema lile ni shirika la wasioelewana. Wanaume watatu walisimama pamoja kama waliovutwa kwa uzi mmoja.

— Karibu, Mama Aline, alisema Bigirimana.

— Shemeji, karibu, alisema Mbuvi. Hatuna kitu. Yaani, hatuna silaha. Yaani kahawa. Kahawa imekwisha.

Léonie aliwatazama mmoja mmoja, kama anavyowatazama wazee wa kule kazini wanapoficha vidonge chini ya ulimi.

— Papa Aline, nimekupigia simu mara tatu. Mchungaji ananiuliza, na mimi sina la kumwambia. Anataka kesho kanisa zima limwombee mtu wako, anaandika karatasi. Akapumzisha begi kwenye benchi. Mgonjwa hajambo?

Ni salamu tu hiyo. Mtoto wa miaka minne anaijibu. Bahizire alifungua mdomo. Alijua umri wa bastola zote kumi na nne. Aliijua mikunjo ya kila kidole cha mkono ule wa kushoto, angeweza kuichonga akiwa amefumba macho. Lakini aliloulizwa ni hali ya mwenye mkono huo. Akamtazama Mbuvi. Mbuvi alikuwa anasoma kibao cha mabasi. Akamtazama Bigirimana, mwota ndoto, naye akatikisa kichwa.

— Sijui, alisema Bahizire.

— Hujui namna gani? Jumatano hukumwona?

— Sikumwona. Wala Jumatano ile nyingine. Wiki sita, Mama Aline. Chakula chako wamekula hawa.

— Kilikuwa kitamu, shemeji, alisema Mbuvi kwa sauti ndogo, maana ukweli nao ulikuwa umemshika.

Basi Bahizire akasema yote, amesimama, bila kipaza sauti. Alisema kikohozi kilichopona, na ngazi, na majani. Alisema banda. Alipofika kwenye neno bastola, aliona mkono wa Léonie unafunga kamba ya begi, ukaifunga tena na tena, lakini Bahizire hakukatisha, aliogopa akikatisha hataanza tena. Akasema bugali. Akasema kiatu. Akasema barua, akampa, na Léonie akaisoma palepale, yeye ambaye Kiingereza chake ni cha kusomea dawa za watu. Basi moja lilipita bila kupunguza mwendo.

— Ulizishika? aliuliza hatimaye.

— Mbao tu.

— Mungu anakusikia.

— Mbao tu, Mama Aline.

— Kitu kile hakiingii nyumbani kwangu. Hata mlangoni. Hata kwenye sefu, hata kikiwa na leseni ya mfalme.

— Hakitaingia. Nitamwandikia binti yake leo. Na mchungaji nitamwambia leo, kabla ya kesho, asinisimamishe.

Léonie alikunja barua kwa mikunjo yake ileile. Hakuonekana kama mtu aliyemaliza hasira. Alionekana kama mtu aliyeiweka pembeni kwa muda ili apate nafasi ya kuuliza kitu kingine.

— Alipokuwa mzima ulikwenda kila wiki, alisema. Sasa amevunjika, hujakwenda hata mara moja. Kwa nini?

Bahizire alijaribu kusema shifti, akajaribu kusema treni za Jumatano, na yote mawili aliyameza.

— Kwa sababu hatuna banda, alisema. Kule bandani tulikuwa hatuongei. Yeye ananipa kipande, mimi nakirudisha, anakigeuza, anasema good. Sasa amelala kitandani. Nitaingia pale bila mbao, bila patasi, mikono mitupu, nitamwambia nini? Nilifika mpaka getini, wiki ya pili. Nikaona kupitia dirisha wamemkalisha kwenye kiti, mikono juu ya shuka, imekaa tu. Nikarudi. Mimi ninayesema kila Jumapili nimetembelea mgonjwa, mgonjwa wa kweli nilimkimbia.

Mbuvi alikiacha kibao cha mabasi. Bigirimana alivua kofia yake, akaishika kifuani.

Léonie alilitupa begi begani. Treni ya kwenda Penrith ilikuwa inatangazwa kule juu, dakika nne. Alikuwa ametoka kazini alikokuwa tangu alfajiri, miguu yake imevimba ndani ya viatu, na Bahizire aliiona, akaona aibu kumwomba, akamwomba.

— Mama Aline, Kiingereza chako ni kizuri, na wewe unajua namna ya kukaa na mtu aliyelazwa kitandani. Mimi sijui. Peke yangu nitaishia getini tena. Nisindikize kwa mzee.